Shangazi na Michirizi Yetu

Tarehe 28 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwahudumia wajawazito, mkunga mkuu wa kituo chetu cha afya anastaafu. Hatukumwita kwa cheo hicho. Kwetu ni Shangazi, na shangazi haogopwi, ingawa aliyechelewa zamu alisalimiwa kwa upole mrefu hadi akatamani kukaripiwa.

Alianza kwenye chumba cha mizani, akapita wodi ya wazazi, kisha akaishika kliniki kama mwenye nyumba. Wakuu wa kituo walikuja wakaondoka, yeye yupo.

Wanawake walimletea mambo wasiyoyasema nyumbani: madoa usoni, mstari mweusi katikati ya tumbo, michirizi iliyotambaa hadi mapajani. Shangazi hakuhutubu. Alivuta pazia, akapandisha blauzi ya sare na kuwaonyesha tumbo lake lililowahi kubeba mapacha, nalo limejaa michirizi. Vicheko vyao tulivisikia hadi dirisha la dawa. Vikiisha, aliwaambia ukweli: madoa mengi hufifia baada ya kujifungua, michirizi hupauka lakini haifutiki yote, na krimu za kujichubua wakae nazo mbali.

Fundi cherehani mmoja alikuja na mimba ya pili. Ya kwanza ilikuwa imeharibika, na hofu alikuwa nayo tele. Alikuwa akificha michirizi yake hata kwa mumewe. Alipoliona tumbo la Shangazi alicheka, akalegea, na katika kulegea huko akataja kwamba anawashwa viganja na nyayo, hata usiku hapati usingizi. Jirani alikuwa amemwambia ni ngozi kutanuka tu.

Shangazi aliacha kucheka. "Mwanangu, tumbo likiwasha, mara nyingi ni ngozi kutanuka. Viganja na nyayo ni habari nyingine. Twende kwa daktari sasa hivi."

Akamshika mkono wakaenda. Vipimo vya damu vilionyesha ini limesumbuliwa na ujauzito, hali inayoweza kumdhuru mtoto tumboni. Daktari alimlaza, akawa chini ya uangalizi, akazalishwa mapema kidogo. Mtoto wa kike, mzima. Siku hiyo Shangazi alilia mbele yetu bila kujificha, nasi tukalia naye.

Binti huyo sasa yuko chekechea na hasikii la mtu.

Shangazi, asante sana. Nenda kapumzike, ulale hadi uchoke kulala. Tunakuombea afya na siku za raha. Wapo watoto wanaotimua vumbi mitaani leo kwa sababu mama zao hawakukuonea haya.