Orpha Nachtigal na Visulisuli vya Plum Creek

Marehemu Orpha Nachtigal alizaliwa tarehe 9 Mei 1938 shambani kwa wazazi wake, Gerhard na Selma Unruh, kaskazini mwa Plum Creek, Kansas. Mama yake alijifungulia handakini, shimo la kujikingia visulisuli, kwani mawingu yalikuwa yamegeuka kijani, dalili ya kisulisuli.

Alisoma shule ya chumba kimoja, kisha sekondari ya mjini, akahitimu mwaka 1956. Alikuwa mpishi wa shule hadi alipostaafu. Kila kisulisuli kikipita, alizunguka mashambani akiuliza: kwa nini kimeng'oa ghala na kuacha trei ya mayai mazima? Hakupata jibu, wala hakuchoka kuuliza.

Tarehe 14 Juni 1959 alifunga ndoa na Delmar Nachtigal, wakajaliwa watoto wawili. King'ora cha kutahadharisha kisulisuli kikilia, wenzake walishuka handakini. Yeye alibaki mlangoni akitazama. Jioni ya 3 Juni 1974 Delmar alimpigia kelele kutoka chini:

"Mke wangu wee, shuka! Unataka watoto wakukose?"

"Ngoja kidogo. Kinageuka."

"Kigeuke kiende zake! Kinakuhusu nini?"

"Kinaelekea kwa Bi Hulda, na yule hasikii king'ora."

Akawasha pikapu, akaondoka. Bi Hulda Ratzlaff, jirani yao mjane na kiziwi, alikuwa jikoni akimenya viazi. Alipoonyeshwa kisulisuli dirishani, akaja juu: "Sitoki pekupeku mimi!" Orpha akambeba mgongoni. Walijilaza mtaroni kando ya barabara, na nyumba ikang'oka nzima ikapita juu yao. Bi Hulda alisimulia kwamba kazi kubwa ilikuwa kumkandamiza Orpha kichwa, maana kila mara alikiinua achungulie.

Mjane huyo aliishi kwao hadi alipofariki. Delmar naye alinuna siku mbili nzima, kisha akatoboa mlango wa handaki na kutia kioo kinene. "Haya, chungulia ukiwa ndani," akamwambia.

Delmar alitangulia mwaka 2011. Orpha alianza kuugua moyo mwaka 2019, akatunzwa nyumbani na bintiye, Lorene. Asubuhi ya 22 Aprili 2021, upepo ukiwa umetulia juu ya ngano, alimwuliza:

"Hivi huko ninakokwenda, kuna aliyerudi akasimulia?"

"Hakuna, mama."

"Basi vizuri. Nitajionea mwenyewe."

Akafumba macho kabla ya adhuhuri.

Ameacha binti, Lorene, mwana, Vernon, wajukuu watano na kitukuu mmoja, Tilda. Bwana amlaze pahali palipo shwari.