Jora la Bafta la Mzee Gozbert

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu na majirani mlioacha mashamba yenu mkaja kukaa na sisi, wakubwa shikamooni. Familia imenituma mimi Novatus, mtoto wake wa tatu, niwasomee maisha ya mzee wetu, na kuna kipande ambacho mwenyewe aliagiza kisirukwe, kwa hiyo mnivumilie.

Gozbert Sindayigaya alizaliwa tarehe 4 Juni 1934 huko Keza, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Philbert na mama Adelfina, na mtoto wa mwisho wa nyumba hiyo ni shangazi Marsiana, yule pale karibu na jeneza, aliyezaliwa mwaka 1956, na baba yao alipofariki mwaka 1963 kaka mtu ndiye aliyemlea kama binti yake wa kumzaa.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1944 hadi darasa la nne mwaka 1947, akaachia hapo kwa sababu ng'ombe wa nyumbani walikosa mchungaji. Tarehe 12 Septemba 1959 alifunga ndoa na mama yetu Speciosa, wakajaliwa watoto watano, mmoja alitangulia, wanne tupo hapa.

Agosti 1974 familia ilihamia kijiji cha ujamaa hapa Nyarubungo, na kwa kuwa mzee alijua kusoma na hakuwa mdokozi, tarehe 3 Machi 1975 alichaguliwa kuwa muuzaji wa duka la kijiji, akapelekwa kozi ya wiki sita Biharamulo mjini, akarudi na neno moja mdomoni, mafungu. Mizigo ikishushwa Nyakanazi, aliifuata mwenyewe, akifika anapanga, nguo za kazi huku, za ibada huku, za shule, za wachanga, na rafu ya juu kabisa za msiba, halafu kofia, mikanda, soksi na vifungo aliviweka kwenye boksi la peke yake, akiviita wafuasi wa nguo. Mama Deodata alimjia juu siku moja, "Gozbert, hii khanga nambebea mtoto, mbona hukuiweka kwa wachanga?" Mzee akamjibu, "Anaivaa nani, wewe au mtoto?" Mama Deodata akasema, "Siku akikukojolea mgongoni utajua ni ya nani," duka zima likaangua kicheko, lakini khanga haikuhama.

Sasa ndiyo kile kipande. Mwaka 1978 shangazi Marsiana alichumbiwa na Ansbert, kijana wa hapa hapa, matangazo ya ndoa yakasomwa kanisani mara tatu, harusi ikapangwa Desemba, vita vya Uganda vikaingia. Ansbert akaandikishwa mgambo, lori la kuwachukua likatajwa tarehe 21 Novemba, na padre akakubali kuwafungisha tarehe 18. Nguo madukani zilikuwa zimekatika, kitambaa cheupe pekee kilichobaki kilikuwa jora moja la bafta kule rafu ya juu, na kamati ya kijiji ilishapitisha kwamba hilo ni la sanda, linakatwa kwa barua ya balozi wa nyumba kumi. Mnajua wenyewe, bibi harusi akiingia kanisani na kitenge watu wanaanza kuhesabu miezi, na shangazi hakuwa na cha kuhesabiwa.

Tarehe 16 asubuhi akaja dukani, foleni imejaa. "Kaka, nikatie yadi sita." Mzee akamuuliza, "Barua ya balozi iko wapi?" Akajibu, "Barua ya nini kaka, kwani nani kafa?" Mzee akainua macho kwenye jora, mkono ukaenda kwenye mkasi, na hapo mtu mmoja kwenye foleni akasema kwa sauti, "Eeh, kumbe kwa dada yake mafungu yanavunjika!" Mzee akauacha mkasi. Akasema, "Hiyo ni ya msiba, Marsiana. Anayefuata."

Ndoa haikufungwa. Ansbert akasema watafunga akirudi, akapanda lori. Habari zake zilifika tarehe 14 Mei 1979, kwamba amezikwa hukohuko Uganda. Mzee alikata zile yadi sita bila barua ya mtu, akampelekea dada yake, naye akamwambia, "Sasa imefika kwenye fungu lake, kaka, kaa nayo." Alikaa nayo. Mwezi uliofuata aliacha duka, akarudi kwenye jembe, na kile kitambaa kilikaa kwenye sanduku la nguo zake miaka karibu mitano, kila akilifungua anakihamisha, mara juu, mara chini, hakukipatia mahali.

Novemba 1983 alianza kuugua tumbo, akalazwa hospitali ya wilaya mara mbili. Mwezi uliopita alimwita shangazi, akamkabidhi kitambaa, akasema alikosea, shangazi akakipokea akaondoka bila neno. Mzee aliulizia jibu mpaka tarehe 9 Machi 1984, saa nne asubuhi, alipokata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba kwa machela, na wenzake wa duka waliokuja leo na mkasi wake. Shangazi aliuchukua huo mkasi asubuhi hii akakata bafta katikati, yadi tatu amemtandikia kaka yake ndani ya jeneza, na tatu ndizo hizo mnazoziona amejifunga kichwani. Amesema nimsomee jibu lake, kwamba alimsamehe siku ileile aliyopokea kitambaa, akachelewa kusema.

Baba, jibu limefika. Pumzika.