Mama Mektilda na Shamba Alilopalilia Bila Kulipanda

Ndugu waombolezaji, wasifu huu nimeuandika mimi, Herman Lushinge, shemeji wa marehemu. Watoto wake walinikabidhi kalamu wakijua vizuri nilivyomkosea mama yao, na sehemu hiyo sitairuka.

Theopista Otmar alizaliwa tarehe 3 Machi 1931, jirani na misheni ya Ushirombo, akiwa mtoto wa nne wa mzee Otmar na mama Philomena. Alisoma shule ya wasichana ya misheni, akamaliza darasa la nne mwaka 1945. Masista walitaka ajifunze ushonaji. Yeye alipenda bustani, na mwenyewe alitusimulia jinsi alivyokuwa akichelewa sala kila mara, mikono imejaa udongo, akidhani kuificha nyuma ya gauni jeupe kungemsaidia.

Tarehe 16 Juni 1951 alifunga ndoa na kaka yangu Clemens, aliyekuwa akifanya kazi katika mgodi wa dhahabu Geita. Waliishi huko miaka kumi na mitano na kujaliwa watoto watatu, wa kwanza Mektilda, na tangu hapo sote tukamwita Mama Mektilda. Mgodi ulipofungwa mwaka 1966, walirudi kwetu Kishapu na kupewa eka sita katika ardhi ya baba.

Clemens alifariki tarehe 11 Desemba 1970, siku alizokusudia kupanda mtama. Eka mbili zilikuwa zimeshalimwa, lakini matanga yalipoisha wakati wa kupanda ulikuwa umepita. Mama Mektilda hakuweza kukaa bure. Kila mvua ikinyesha alikwenda kwenye zile eka mbili tupu, akang'oa magugu na kuchokoa udongo juu juu, hadi mvua za masika zikaisha. Watu walisema msiba umemgusa kichwani, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Msimu uliofuata alizipanda, na mvua zilikatika Februari. Mtama wa kijiji kizima ulinyauka, wa zile eka mbili ukajaza masuke. Tangu hapo, kila mwaka alilaza eka mbili kwa zamu bila kuzipanda, akazipalilia zikiwa tupu na kuzitandazia mabua, na ng'ombe wa mtu hakuruhusiwa kuyagusa. Aliyeuliza alielezwa: magugu yanakunywa maji sawa na mtama, ila hayatuachii chakula.

Mwaka 1975 kijiji kiliamua kila kaya ipande eka zake zote, na ardhi iliyolala apewe mwenye uwezo wa kuipanda. Nilisimama kikaoni nikasema shemeji yangu mjane ameshindwa eka mbili, nipewe mimi nipande pamba. Nilizitamani zile eka, nisiseme uongo mbele ya jeneza lake. Wajumbe wengi walikuwa upande wangu.

Yeye aliwaamkia wazee, kisha akanigeukia. "Shemeji, chimba kwangu, halafu ukachimbe kwako. Ukikuta ni sawa, shamba chukua."

Tulikwenda wote. Ilikuwa Oktoba, na tulikuwa hatujaona mvua tangu Mei. Kwangu jembe liligonga kama kwenye tofali, na chini yake palikuwa na vumbi. Kwake, chini ya mabua, kina cha mkono hadi kiwiko, udongo ulishikana kiganjani. Wajumbe walimwachia shamba lake. Mimi nilikwenda nyumbani na hasira zangu.

Msimu ule mvua zilikatika tena, nami sikuvuna kitu. Mama Mektilda alikuja na punda, akashusha gunia la mtama mlangoni kwangu, akamjulia hali mke wangu, akaondoka. Habari ya kikao hakuigusa siku hiyo wala siku nyingine. Wanangu walikula mtama ule. Mimi pia niliula, na sikuwahi kumwomba radhi.

Mwaka 1985 alianza kuvimba miguu kwa ugonjwa wa moyo. Alilazwa Shinyanga mjini tarehe 2 Septemba mwaka huu wa 1986, na kufariki Jumatano, tarehe 17, alfajiri, Mektilda akiwa amemshika mkono.

Aliomba azikwe ukingoni mwa shamba lake, si katikati, kwa sababu katikati ni pa mtama. Jana vijana wa kuchimba kaburi waliazima sururu mbili kwa majirani wakijua ukavu wa Septemba. Hawakuzihitaji. Walipofika kiunoni udongo ulikuwa mbichi. Nilishuka nikaushika.

Ameacha watoto watatu: Mektilda (aliyeolewa Runzewe), Ignas na Eustace; wajukuu tisa, dada yake mmoja, na mimi shemeji yake. Ameacha pia eka mbili ambazo msimu huu ni zamu yao kulala. Watoto wamenipa jembe lake. Mvua zikianza nitakwenda kuzipalilia zikiwa tupu, na atakayecheka acheke.

Shemeji, nisamehe. Bwana akupokee, ulale kwa amani.