Paketi Moja ya Mama Nsimire

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Leo tunamukumbuka Nsimire, mama wa Benny na Christa, aliyetutoka juma lililopita kwa ugonjwa. Nsimire alichunga seva ya materinite moja, nyumba ya kuzalia, hapa Goma. Seva ni kompyuta inayopitisha majibu ya labo mpaka kwa wakunga. Ikizimika, mama anayevuja damu anangoja.

Siku moja ilifika mashine mpya ya kupima damu. Ikakataa kusemezana na seva. Programu moja ndani ya seva ilikuwa ya zamani. Moja tu.

Josias, mwenzake wa kazi, akacheka: "Mama Benny, hii Linux yako inayoendesha seva imekuwa bibi kizee. Tulete mapya yote!"

"Bibi kizee hajaanguka hata siku moja, Papa Josias. Wewe ulianguka jana kwenye ngazi."

Nsimire akaiomba seva ionyeshe kwanza, bila kugusa kitu, nini kingetokea wakileta mapya yote. Josias akasoma kwenye kioo: programu ya labo, ile inayopitisha majibu, ingeondolewa. Kicheko kikaisha.

Sasa sikieni jambo lililonishangaza. Kuko watu mbali kabisa, hatuwajui, wanachukua programu mpya na kuijenga upya ili ikubali kuishi ndani ya Linux ya zamani. Wanaifunga kama paketi. Wanaiweka bure, mwenye shida achukue. Nsimire akaandika jina la paketi moja. Ile moja. Mengine yote yakabaki mahali pake.

Lakini hakubonyeza. Akamuita mukunga Katungu: "Kuko mama kwenye meza?"

"Kuko."

Akangoja. Ndivyo alivyofanya siku zote: mama akiwa anazaa, seva haiguswi. Mutoto akalia kule ndani, Nsimire akabonyeza. Majibu yakapita kama maji.

Mume wake, Papa Cikuru, ametuambia: "Hata nyumbani, nikitaka kusogeza kiti, alikuwa anauliza kwanza nani amelala."

Juzi, kisha maziko, Josias aliketi kwenye kiti cha Nsimire. Paketi nyingine ilikuwa inangoja. Kidole kilikuwa tayari. Akageukia mlango: "Mama Katungu, kuko mama kwenye meza?"

"Kuko, Papa."

Akaondoa mukono.

Papa Cikuru, Benny, Christa, poleni sana; tunalia pamoja nanyi. Na sisi, wapendwa, kabla ya kugusa kitu kinachobeba wengi, tuulize kwanza nani yuko kwenye meza.