Kisigino cha Kushoto

Benchi lina miguu minne, ila wa nne ni tofali. Liko nje ya duka la Kinyozi, na ukikaa upande wa tofali bila kuuzoea utamwaga kahawa yako na ya jirani. Kinyozi mwenyewe hutoka kukaa hapo kila akikosa mteja, yaani hutoka sana. Wa pili ni Daktari, ambaye hajawahi kutibu hata kuku. Alikuwa mlinzi wa geti la hospitali miaka kumi na minane, na kwa maelezo yake, yote aliyoyasikia yakipita pale getini ni sawa na shahada mbili. Wa tatu ni Fundi Viatu, huyu hukaa kwenye kigoda chake pembeni, misumari mdomoni, kiatu cha mtu mapajani. Mama Birika huwaletea kahawa saa nne asubuhi na haondoki mpaka iishe. Asubuhi hiyo Fundi alikuwa na karatasi mfukoni, na karatasi yenyewe ilimnyima raha.

— Hebu isome tena, — alisema Daktari.

Fundi alitema misumari kiganjani.

— Nimeisoma mara tatu, bwana! Binti yangu ana seli mundu, lakini haumwi, anaibeba tu. Mchumba wake naye anaibeba. Wakioana, kila mimba inaweza kuleta mtoto mgonjwa. Moja kwa nne, ndivyo walivyoambiwa hospitali.

— Na wakwe wanakuja lini?

— Leo jioni. Baba wa kijana kanipigia simu. Anataka tukae, kila upande useme kwake jambo hili limetoka wapi, ndipo tujue kama uchumba unaendelea au unavunjika.

— Na wewe utasemaje?

— Nitasema ukweli. Limetoka kwa mama yake.

Alitamka hivyo bila kusita, maana ni maneno aliyoyatamka miaka ishirini na sita. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alifariki kwa ugonjwa huohuo kabla hajatimiza miaka mitatu. Mdogo wa mkewe naye aliondoka nao utotoni. Basi kesi ikafungwa palepale msibani: damu mbovu ni ya kule kwa mama. Mkewe hakubisha, wala siku zile hakuwa na nguvu za kubisha. Na leo asubuhi, akimmiminia chai, alimwambia mumewe kuwa wageni wakija yeye atakaa jikoni. “Nikakae pale nitazamwe?” aliuliza, akaondoa vikombe. Fundi aliona ni busara.

— Hapo umenena, — Kinyozi alidakia. — Damu ni ya mama. Baba anatoa sura.

— Sura na mwendo! — Fundi alinyanyua mguu wake, akageuza soli juu. — Tazameni. Mimi nakula kisigino cha kushoto, upande wa nje. Nileteeni viatu ishirini vimechanganywa, nitawaambia hiki ni cha mtoto wa nani. Binti yangu anakula palepale. Marehemu mwanangu, mdogo vile, kisigino chake cha kushoto kilishaanza kulika upande wa nje. Mimi mtupu! Meno yangu, vidole vyangu, mwendo wangu. Yule mtoto alichukua kila kitu changu.

— Isipokuwa ugonjwa, — alisema Mama Birika.

— Isipokuwa ugonjwa. Huo ningempa vipi? Mimi tangu nizaliwe sijalazwa hata siku moja.

Mama Birika alimwangalia kidogo, kisha akaendelea kumimina.

— Sikilizeni niwape elimu, — Daktari alijiweka sawa. — Ndani ya mtu kuna vinasaba. Vinasaba ni uzi, mrefu kweli kweli. Mtoto akitungwa, mama anaanza kusokota uzi wake, baba anamalizia ncha. Sasa mkosi ukiwa mwanzoni mwa uzi, wa nani?

— Wa mama! — Kinyozi alijibu kama mwanafunzi.

— Umefaulu. Na siku hizi unatibika. Wanaufungua ule uzi, wanatafuta palipoharibika, wanakata, wanabandika kizima.

— Kiraka, — alisema Fundi.

— Kiraka! Nimekiona kwa macho yangu. Kiliingia getini ndani ya kisanduku cha barafu.

— Ulikiona kiraka?

— Nilikiona kisanduku.

— Ala!

— Mimi je? — Kinyozi hakukubali kuachwa nyuma. — Nina vinasaba vya mtaa mzima kwenye ndoo yangu ya nywele. Nikipata mashine tu, nawatoa nyote upya, na safari hii bila kasoro.

— Mimi huna hata unywele wangu mmoja, — alisema Daktari akijipapasa upara.

— Ndiyo maana utabaki hivyo hivyo!

Walicheka mpaka benchi likayumba. Fundi naye alicheka, na karatasi ikawa nyepesi mfukoni. Daktari akamwinamia.

— Wewe jioni usiogope. Sema kwa sauti: damu ni ya mama. Kisha uwaulize na wao, mama wa kijana katoka ukoo gani? Kina mama wamalizane. Ninyi wanaume mtabaki safi, uchumba utaokoka.

Hapo akatokea dada mmoja anachechemea, ndala moja mguuni na nyingine mkononi, koti jeupe begani.

— Shikamooni wazee wangu. Jamani, kamba imekatika na zamu inanisubiri.

— Marahaba, lete hapa, — Fundi aliipokea. — Kaa kidogo tu.

— Si huko! — watatu walipiga kelele, lakini dada alishakaa upande wa tofali. Kahawa ya Daktari ikamwagika yote mapajani mwake.

— Uwii! Nisamehe, baba.

— Si neno, — alisema Daktari akijifuta, maana alishaliona lile koti jeupe na moyo wake ulishajaa. — Wewe ni wa hospitali?

— Wa maabara.

— Basi ni wa fani yangu! Hebu wathibitishie hawa. Kuna mtoto hapa mtaani alifariki zamani kwa seli mundu. Si ilitoka kwa mama yake?

— Ilitoka kwa mama yake, ndiyo.

— Mnasikia?

— Moja, — alisema dada.

— Moja nini?

— Ugonjwa wenyewe unataka nakala mbili za kinasaba kibovu, baba. Ukirithi moja tu hauumwi, unaibeba. Unaweza ukazeeka nayo, hujalazwa hata siku moja. Mtoto akiugua, ujue alipewa mbili, na kila mzazi ana moja tu ya kumpa. — Alikunja uso, akiwaza kweli. — Sasa huyo mtoto, moja alipewa na mama. Ya pili aliitoa wapi?

Aliuliza kwa kutaka kujua tu. Hakumjua baba wa mtoto, wala hakujua nani ameshika ndala yake.

Daktari alitazama ndani ya kikombe chake kitupu. Kinyozi alikumbuka kufagia. Mama Birika aliinamisha birika, likatoa matone mawili, akasema taratibu kwamba kahawa imeisha.

Fundi alipiga msumari, akapiga na mwingine. Aibu ilimpanda kuanzia shingoni. Alikumbuka miguu ya mwanawe ilivyokuwa ikivimba, yeye akavipanua vile viatu mara mbili, mkewe amempakata mtoto usiku na mchana. Alikumbuka msibani, shangazi yake akimwambia mkewe mbele ya watu wote, “Umetuletea haya,” na yeye Fundi akanyamaza.

Alimrudishia dada ndala yake, akafunga sanduku.

— Unakwenda wapi? — Kinyozi aliuliza. — Wageni si jioni?

— Nakwenda nyumbani.

Alimkuta mkewe jikoni anasugua buli kubwa la wageni.

— Mama watoto, jioni utakaa mbele, karibu na mimi. Na nitaanza kusema mimi.

— Utasema nini?

— Kwamba ilitoka kwako na ikatoka kwangu. Mtoto yule alipewa mbili, na moja nilimpa mimi. Nimekuonea, mke wangu. Nisamehe. Halafu binti na mwenzake waamue wenyewe, wao angalau walipima kabla ya kusema.

Mkewe aliliweka buli chini.

— Shangazi yako atakuwepo?

— Atakuwepo.

— Basi useme kwa sauti, — alisema. — Siku hizi hasikii vizuri.