Mstari Katikati ya Daftari la Jotham

Jotham Munene Kariuki alizaliwa tarehe 11 Februari 1971 huko Kiamutugu, Kirinyaga, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Josephat Kariuki na Mama Alice. Alisoma pale pale nyumbani, akamaliza kidato cha nne mwaka 1989. Alikuwa mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Kabla ya kwenda shule alikagua komeo la zizi mara tatu.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa kanisani na Teresiah Wangeci.

Mwaka 2003 alikwenda Dubai, akawa mlinzi wa lango katika mtaa wa Mirdif, makazi yake yakiwa Al Qusais, watu wanane chumba kimoja. Pasipoti ilikaa kwa kafeel, yaani mwajiri aliyemdhamini, na wasiwasi ukamzidi. Mlinzi mwenzake kutoka Uganda, Ndugu Zedekiya, aliyewahi kusomea upadri, ndiye aliyemsimulia habari za Wastoiko, wale waliojadiliana na Mtume Paulo kule Athene. Walifundisha kwamba mwenye furaha ni yule anayeshughulikia yaliyo mikononi mwake na kutosumbuliwa na mengine. Jotham, aliyezoea kuandika kila gari katika kitabu cha lango, akachukua daftari lake na kupiga mstari katikati. Kushoto aliandika yaliyo mikononi mwake, kulia, yasiyokuwamo. Akaanza kupata usingizi, na habari za mstari huo akamsimulia mkewe kwa simu.

Utulivu huo ndio uliomtia Teresiah hofu. Figo za Jotham zilipoanza kushindwa, Juni 2008, mumewe alimweleza kwa simu kama mtu anayesimulia habari za mvua. Teresiah akahofu kwamba ameacha kuomba, na kwamba hata wao wa nyumbani amekwisha kuwaachilia. Ijumaa, tarehe 12 Septemba, alimuuliza, "Baba Caren, na sisi umetuandika upande gani?"

Marehemu alicheka. "Mama Caren, wewe ungefaa kuwa polisi. Ngoja nikwambie."

Kadi ya simu ikaisha.

Alifariki hospitalini Ijumaa iliyofuata, tarehe 19. Karatasi zilikwama, kisha Idi ikafunga ofisi, na kwa siku kumi na tisa Teresiah hakujua kama atamzika mumewe. Mwili uliwasili juzi, ukisindikizwa na Ndugu Zedekiya, naye akamkabidhi daftari.

Jana Teresiah alipata nguvu ya kulifungua. Ukurasa wa mwisho, upande wa kulia, marehemu aliandika: "Kupona. Kumwona Mama Caren tena." Upande wa kushoto: "Kuomba. Kumpenda Mama Caren."

Ameacha mjane, Teresiah. Watoto wawili, Caren na Jeremy. Mama yake, Alice. Na ndugu wanne. Tunamwacha mikononi mwa Bwana, apumzike humo kwa amani.