Spas Rashkov na Shata ya Lenzi Kubwa

Tarehe 30 Novemba 1988, ndugu Spas Rashkov anakiweka chini kitambaa cheusi cha kamera na kustaafu, baada ya kuitumikia Studio ya Ushirika ya Lovech miaka arobaini na mitatu na miezi saba. Sisi wa studio tunamwita bai Spas, maana ni mkubwa wetu sote, na mjini wanamwita hivyohivyo hata wale wasiowahi kumpa mkono. Mkurugenzi ameniomba niandike ukurasa mmoja mchangamfu kwa ajili ya jarida letu. Nimekaa na mtu huyu chumba kimoja miaka ishirini na sita, yeye akipiga picha, mimi nikizirekebisha kwa penseli. Uchangamfu nitautafuta, lakini sitadanganya. Nilishamdanganya mara moja, inatosha.

Alianza Aprili 1945, akiwa amevaa suruali ya kaka yake na ana kikohozi ambacho hakijamwacha hadi leo. Alikabidhiwa ile kamera kubwa ya mbao iliyoko chumba cha mbele, pamoja na lenzi yake ya shaba, kuukuu kuliko jengo lenyewe, mdomo wake mpana kama sahani ya kikombe cha chai. Lenzi ile haikuwa na shata, yaani kile kipazia kinachofunguka na kufunga ili kupitisha mwanga. Shata yake ilikuwa mkono wa bai Spas. Aliondoa mfuniko, akahesabu moja, mbili, tatu, akaurudisha. Sahani za kioo za siku zile, zilizonasa picha kabla ya filamu, zilipokea mwanga polepole, kwa hiyo sekunde tatu zilimtosha bila haraka.

Watu walimfuata hasa kwa picha moja, ile ya mlangoni. Kila mtu hapa Lovech anajua kwamba akifa, tangazo lenye uso wake litabandikwa kwenye mlango wa nyumba yake, kwenye nguzo na kituo cha basi. Litabandikwa tena siku ya arobaini, tena baada ya nusu mwaka, na kisha kila mwaka. Mwenye akili huipiga mapema, angali ana meno. Na lenzi ile ilikuwa na huruma na nyuso za watu. Mama mmoja wa sokoni aliitazama picha yake akaruka, "Hee, bai Spas, kumbe mimi ni mzuri hivi! Sasa hata nikifa si neno."

Mwaka 1968 sahani za kioo zikakoma kuja. Zikaletwa filamu kali, zinazotaka mwanga wa kufumba na kufumbua, na kwa mkono na mfuniko kila uso ulitoka mweupe kama unga. Mkurugenzi wa wakati huo akaagiza lenzi ipelekwe stoo, tutumie kamera ndogo. Bai Spas akamjibu mbele yetu, "Ukiitupa stoo, nitupe na mimi humohumo, ila unipe blanketi." Lenzi ikabaki.

Hapo ndipo alipoanza kutafuta shata. Miaka kumi na moja, jamani! Aliandikia kila studio iliyofungwa na kila mjane wa mpiga picha, kutoka Vidin hadi Burgas, pembe hadi pembe ya nchi. Vifurushi vilikuja, tukavifungua kwa shangwe, na kila mara tundu la shata lilikuwa kama kifungo cha koti mbele ya lenzi ile. Mwaka 1971 akaunda ya kwake, ubao wenye upenyo unaodondoka mbele ya lenzi. Mwanga aliupata barabara. Tatizo, ubao ulifyatuka kwa kishindo, na kila aliyekaa kitini alishtuka akafumba macho. Kwa miezi minne milango ya Lovech ilijaa marehemu wanaosinzia. Kijana wa marehemu mmoja alitujia amefura, "Mmempiga baba yangu kama maiti!" Nami kwa huu mdomo wangu nikamwuliza, "Kwani sasa hivi yukoje?" Tulipewa onyo la maandishi sote wawili, ubao ukapasuliwa kuni.

Sasa nifike kwa Neda, mkewe, mpishi wa shule ya chekechea. Neda hakuitaka kamera ndogo hata kidogo. "Mimi mke wa mpiga picha, nikae mlangoni na picha ya kitambulisho? Bora nisife." Bai Spas alimwahidi lenzi kubwa, siku shata itakapopatikana. Neda akashona gauni la buluu, akalitundika, akangoja. Kiangazi cha 1979 aliugua ini, na daktari hakuficha kitu. Bai Spas alichukua likizo amuuguze nyumbani, mwendo wa dakika kumi kutoka studio. Kabla ya kuondoka alinishika mkono: "Yordanka, kifurushi chochote kikija, nipigie simu. Hata ukiona ni takataka. Nitamleta kwa teksi."

Jumatatu tarehe nane Oktoba kikaja kifurushi kutoka mji wa Ruse. Nilikipokea mimi. Nilikipima mkononi, nikakiona chepesi, nikasema moyoni, kifungo kingine hicho. Nilishamwona Spas akinywea mbele ya vifurushi thelathini, nikaona bora nimwepushie cha thelathini na moja. Nikakisukuma chini ya meza yangu, nyuma ya chupa za dawa. Simu sikupiga. Alhamisi niliwapelekea supu. Neda alikuwa amekaa kitini dirishani, gauni limepigwa pasi. Akaniuliza, "Posta hawajaleta kitu, dada?" Nikasema hawajaleta. Jumapili akafa.

Mlangoni alibandikwa na picha ya kitambulisho, muhuri wa polisi umemkata bega la kushoto. Yule aliyekataa jambo moja tu maishani mwake.

Jumatano bai Spas alirudi kazini. Aliinama kutafuta chupa ya dawa, akakivuta kifurushi. Ndani mlikuwa na kiboksi cha mbao chenye pazia jeusi linaloviringika kwa springi, na mpira wa kubonyeza ili kulifungua. Akakivika kwenye mdomo wa lenzi. Kilikaa pasipo kucheza hata unywele. Aliniuliza kimefika lini. "Leo asubuhi," nikamwambia. Akasema, "Sawa." Akaubonyeza mpira, tukasikia pazia likipita taratibu, bila kishindo.

Kwa shata hiyo amepiga watu zaidi ya elfu nne, wote macho wazi, na mwaka 1984 Ushirika ulimpa nishani. Neda peke yake, kila Oktoba, amerudi mlangoni na muhuri wake begani.

Wiki iliyopita nilimsaidia kusafisha droo yake. Chini kabisa niliikuta karatasi ya kifurushi kile, imekunjwa vizuri, na muhuri wa posta yetu unasomeka hadi leo: tarehe nane. Nilikaa sakafuni nikalia. Nilimwambia yote, hata habari ya supu. Akaniacha nimalize. "Nilijua siku ileile," akasema. "Nilikuchukia miaka miwili, Yordanka. Halafu kazi ikawa nyingi." Hakusema kama amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Amekataa saa ya ukutani na amekataa hotuba. Zawadi aliyoomba ni picha yake ya mlangoni, na mpira niubonyeze mimi. Jana alikuja na koti jeusi, akakivuta kiti kushoto kabisa, nusu ya picha ikabaki tupu. Nikamwambia, "Kaa katikati, bai Spas." "Bonyeza," akasema. "Na hiyo nafasi usiikate, ina mwenyewe." Nikabonyeza.

Bai Spas, Ushirika unakushukuru kwa kila uso wa mji huu uliouhifadhi. Tunakuombea kifua kipone, mizabibu yako izae, na majirani wakuache ulale. Picha imetoka vizuri, macho wazi. Nimeifunga katika karatasi ileile ya Ruse na kuisukuma chini ya meza yangu, nyuma ya chupa za dawa. Safari hii naichelewesha kwa makusudi, na Mungu anisaidie niicheleweshe sana.